Boti ya Shosho Iwe ya Kazi, Sio ya Picha

Wasee, baridi ya Julai imeshika. Huku Kiambere haitutesi sana, sisi tuko chini kwa joto, lakini panda mpaka Embu mjini uone: ukungu, manyunyu, na wazee wamevaa makoti mawili mawili. Na huu ndio msimu ambao vijana walioanza kushika pesa kidogo Nairobi hukumbuka nyumbani. Kwa grupu za familia swali ni lile lile: tuwapeleke wapi shosho na guka wapande boti mara ya kwanza, waone maji na milima, na sisi tusirudi na deni?

Najua hiyo idea imetoka wapi. Sote tumeona zile video za wazee wa Ulaya na Marekani wako ndani ya meli Norway ama Alaska, blanketi magotini, kikombe mkononi, milima ya theluji inapita polepole. Watu wanataka kitu kama hicho, cha bei yetu. Sioni ubaya wowote hapo. Shida ni kuchagua kwa picha. Mimi hupenda kuchimba historia ya vitu, na historia ya meli za abiria inanionyesha jambo ambalo tangazo haliwezi kukwambia: safari nyingi nzuri za majini hazikuanzishwa kama starehe. Zilianza kama kazi.

Chukua hiyo Norway yenyewe. Mwaka wa 1893 kapteni Richard With alianzisha huduma ya meli kutoka Trondheim hadi Hammerfest, kaskazini kabisa. Meli ya kwanza iliitwa Vesteraalen. Ilibeba barua, mizigo na watu wa vijiji ambavyo barabara haikuwa imefika. Huduma hiyo inaitwa Hurtigruten na mpaka leo ipo. Watalii walikuja baadaye, wakakuta meli tayari inapita karibu na milima, bandari baada ya bandari, kwa sababu ilikuwa lazima ishushe mizigo. Mandhari haikupangwa na mtu wa matangazo. Ilikuwa njiani tu.

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo, isipokuwa na chuki fulani ndani.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka wa 1901. Hata kabla reli ifike, vipande vya meli William Mackinnon vilikuwa vimesafirishwa kutoka pwani, vingine vikibebwa na wapagazi, vikaja kuunganishwa ziwani. Hebu fikiria kubeba meli kwa kichwa, kipande kwa kipande, kuvuka nchi nzima. Baadaye zikaja nyingine: Winifred, Sybil, Clement Hill, kisha Usoga na Rusinga karibu na mwaka wa 1914. Kazi yao ilikuwa kuunganisha reli na Uganda, na kuzunguka ziwa kukusanya pamba, kahawa na ngozi.

Wakubwa walizipenda. Winston Churchill, akiwa bado kijana wa wizara ya makoloni, alivuka ziwa mwaka wa 1907. Theodore Roosevelt, alipotoka tu kuwa rais wa Marekani, naye alivuka 1909. Na miaka hiyo hiyo shirika la reli lilikuwa na bango lililokuja kuwa maarufu sana, likiwaambia matajiri wa Uingereza kwamba nyanda zetu za juu zimekuwa mahali pa watu wa tabaka la juu kukaa wakati wa baridi ya kwao. Yaani safari ya msimu wa baridi ilikuwepo hapa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Tofauti ni kwamba ilikuwa ya wageni wanaoikimbia baridi, na sisi tulikuwa kwenye picha kama wapagazi. Sijui kama kuna mtu alimuuliza mpagazi kama angependa kukaa chini aangalie ziwa.

Ndani ya zile meli ngazi zilikuwa wazi. Mzungu alikuwa na kitanda na chakula mezani. Mwafrika alikuwa sitahani, kwa daraja la tatu, na mzigo wake, na upepo wa usiku. Ukiuliza guka wa Nyanza atakwambia kuhusu safari za ziwani, na mara nyingi atakwambia kuhusu baridi, sio kuhusu machweo. Hata Victoria, meli kubwa iliyoanza kazi 1961, ilikuwa na madaraja yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 meli hiyo ikabaki Tanzania, ikazeeka, ikakarabatiwa, na tangu 2020 imerudi kwenye njia ya Mwanza na Bukoba. Ni safari ya usiku. Kwa mzee ambaye hajawahi kukanyaga boti mimi singeanza na usiku, hata kama kitanda kipo.

Hapa lazima niseme lile jambo ambalo watu huruka. Boti ya kazi ina uzuri wake, lakini rekodi yetu ya boti za kazi ina makaburi. Mtongwe, Mombasa, Aprili 29, 1994: kivuko kilipinduka na watu 272 wakafa. Kilikuwa kimejaa kupita kiasi. MV Bukoba, Mei 21, 1996, ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu. MV Nyerere, Septemba 20, 2018, karibu na kisiwa cha Ukara: ilikuwa ya kubeba watu 101, na waliokufa walipita 200. Soma hiyo hesabu tena. Bukoba pia ilikuwa imebeba kuliko uwezo wake. Haya majanga matatu hayakuanzia kwa mawimbi makubwa ya sinema. Yalianzia pale kwa lango, mahali mtu alisema "ingieni tu, tutatoshea."

Kwa hivyo unapochagua boti ya shosho, usiangalie rangi yake kwanza. Simama pale gatini dakika 20 uangalie wanavyopakia. Kama abiria anayechelewa anaambiwa asubiri ya pili, hapo pana watu wa maana. Kama anaongezwa, geuza gari, hata kama mmetoka mbali na shosho amevaa leso mpya.

Sasa tuje kwa machaguo. Kuna wenye watasema Mombasa, jahazi, jioni, muziki wa taarab. Poa, lakini sio Julai. Wazee wa bahari walijua hii kabla ya simu kuwa na utabiri wa hewa. Kusi huvuma kuanzia karibu Aprili mpaka Septemba, na katikati yake, Juni na Julai, bahari huchafuka. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, na kusi ikikaza sana watu walikuwa wanavuta vyombo pwani na kufunga bahari. Kama nahodha aliyezaliwa majini alikuwa anapumzika mwezi huo, wewe unamtoa shosho Embu kumpeleka kutapika huko kwa nini? Subiri Januari.

Naivasha iko karibu na ni poa asubuhi, kabla upepo wa alasiri haujaanza kupiga. Lakini iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na boti nyingi ni ndogo, wazi, unaingia kwa kuruka. Mwili wa miaka 75 na magoti ya kulima haujaandikiwa kuruka. Na Julai asubuhi kule ni baridi ya kweli, si ya kupiga picha.

Halafu kuna wale wananiuliza, "Si nyinyi mko na maji hapo Kiambere? Tuje tuwazungushe wazee hapo tu."

Ngoja niwaeleze kuhusu haya maji. Tana ina mabwawa matano kwa huu mlolongo: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na letu Kiambere 1988. Ukisimama juu ukitazama upande wa Kitui, maji yamelala kijani kati ya vilima vya kahawia, hakuna mtu anaweza kusema si pazuri. Lakini ni maji yaliyoletwa juu ya mashamba. Maelfu ya watu walihamishwa, wengi Wambeere na Wakamba, wakapewa fidia ya pesa wakajitafutie ardhi wenyewe. Utafiti uliofanywa baadaye, ambao Michael Cernea wa Benki ya Dunia aliutumia sana kwa maandishi yake, ulipata kwamba shamba la wastani la familia lilishuka kutoka hekta 13 hadi 6, mifugo ikapungua kwa zaidi ya theluthi moja, na mapato ya familia yakaporomoka kwa asilimia 82. Stima ikapanda nguzo, ikaenda Nairobi.

Wazee hao bado wako. Shosho wangu mwenyewe hukaa akiwa ameyapa yale maji mgongo, na ukimuuliza kuhusu boti anakwambia hawezi kulipa nauli ya kupita juu ya mtama wake. Sio utani, anasema na uso mkavu. Kwa hivyo kama mzee wako ni wa huku, muulize kwanza. Labda atataka kwenda, aonyeshe kwa kidole mahali boma lilikuwa, na hiyo inaweza kuwa safari ya maana kuliko zote. Lakini iwe ni yeye ameamua, na simu yako ibaki mfukoni. Usimgeuze kontenti.

Ukiniuliza mimi, chaguo langu la Julai ni kivuko cha Luanda K'Otieno kwenda Mbita, Ziwa Victoria. Kiko upande wa Siaya, kinavuka mdomo wa Ghuba ya Winam mpaka Homa Bay, kama saa moja hivi. Ni boti ya kazi kabisa: magari, magunia, akina mama wa samaki, wanafunzi. Nauli ni ya mwananchi, sio ya mtalii, kwa sababu wanaoipanda kila siku ndio wenyewe. Ni kubwa kiasi kwamba haikurushi kama boti ndogo, na gari linaingia ndani, kwa hivyo mzee mwenye miguu mibaya hapandi ngazi wala kuruka. Akichoka na upepo anarudi kwa gari, anafunga mlango, anaangalia ziwa kupitia kioo. Nani kati yetu alijua kwamba hicho ndicho kile chumba cha blanketi na kikombe cha Norway?

Mandhari ni visiwa, vilima vya Gembe mbele yako, mashua za wavuvi zenye tanga. Na ziwa liko chini, kama mita 1,130 hivi, kwa hivyo mchana wa Julai kule una joto ambalo Embu hatutaliona mpaka Septemba. Vukeni asubuhi jua likiwa limepanda kidogo. Alasiri upepo wa ziwa huamka na mawimbi nayo, na mvua za radi hupenda jioni na usiku.

Gharama yenu kubwa itakuwa barabara, wacha tuseme ukweli. Kutoka Embu mpaka Kisumu ni siku nzima, na mzee asikalie kiti saa hizo zote bila kushuka. Gaweni matatu moja, familia mbili ama tatu, mlale Kisumu, asubuhi mwende Luanda K'Otieno. Chai ya chupa mbebe wenyewe. Choo kabla ya kupanda, sio baada. Mkishuka Mbita hamrudi njia mliyokuja, mnaendelea Homa Bay na Kisii mpaka Narok, na wazee wanakuwa wamezunguka nusu ya nchi kwa pesa ambazo wengine hulipia usiku mmoja hotelini.

Na msikimbie Mbita. Kisiwa cha Rusinga kimeungana na Mbita kwa barabara, ndicho kile kile ambacho ile meli ya 1914 ilipewa jina lake, na huko ndiko kaburi la Tom Mboya, limejengwa kwa umbo la risasi. Alipigwa risasi Nairobi Julai 5, 1969. Sisi tunamjua kama barabara ya mjini na sanamu ya kukutania. Mzee wako wa miaka 75 alikuwa kijana mwaka huo, pengine alikuwa na redio, pengine alisikia habari ikitangazwa na anakumbuka alikuwa amesimama wapi. Mwache akae hapo muda anaotaka. Kama kuna kivuko cha mwisho mnachokihitaji, muulize saa yake mapema pale gatini, na usimharakishe.