Mgeuze Kila Baada ya Saa Mbili

Je, nyumbani kwako yuko mtu aliyeumia uti wa mgongo, asiyehisi miguu?

Zamani wengi wao walikufa upesi, kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Mwaka 1944, Daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi yao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliamuru wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, kisha wafanye mazoezi. Tarehe 29 Julai 1948, majeruhi 16 wa vita walishindana kwa upinde wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Hapo ndipo ilipoanzia michezo ya Paralimpiki.

Hospitali yetu ya rufaa ya uti wa mgongo iko Nairobi, mbali. Huku nyumbani, kazi ile iko mikononi mwako. Mgeuze, usiku gawaneni zamu. Mkunje na kumnyoosha viungo polepole. Kagua makalio na visigino kila siku. Ngozi ikibadilika rangi, asilalie hapo. Akipata homa, mpeleke hospitali mapema.

Kidonda ni rahisi kuzuia kuliko kuponya.