Saa ya Dunia si Saa ya London

Mwanafunzi wa Dodoma anasoma tangazo la ufadhili wa masomo: mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 15, 23:59 UTC. Akikimbizana kutuma karatasi zake kabla ya saa sita usiku hatapoteza kitu, maana kwake mlango utafungwa dakika moja kabla ya saa tisa, usiku wa kuamkia tarehe 16. Mwenzake aliyeko New York ndiye atakayeumia. Kule mlango unafungwa saa nne au tano kabla ya usiku wa manane, kutegemea msimu, na anayezipuuza zile herufi tatu ataukuta umefungwa zamani.

UTC ni saa ambayo mataifa yamekubaliana kupimia saa nyingine zote. Herufi zenyewe ni za suluhu: Waingereza wangeandika CUT kwa mpangilio wa lugha yao, Wafaransa TUC, ikachaguliwa UTC isiyofuata mpangilio wa lugha hata moja kati ya hizo. Wengi hudhani ni jina jipya la saa ya Greenwich, na kwa shughuli za kila siku tofauti haionekani. Hata hivyo asili zake ni mbili. Saa ya Greenwich, iliyopewa heshima ya kuwa mwanzo wa kuhesabia katika mkutano wa Washington mwaka 1884, ilitokana na jua kupita juu ya mstari wa longitudo sifuri. UTC inatokana na saa za atomu zilizotawanyika katika maabara za nchi nyingi, ambazo vipimo vyake hukusanywa na ofisi ya kimataifa ya vipimo iliyoko Sèvres, karibu na Paris, vikapatanishwa kuwa saa moja.

Kwa kuwa dunia haizunguki kwa mwendo ulio sawasawa kama wa saa za atomu, tangu 1972 imebidi mara kwa mara kuongeza sekunde moja ili saa hiyo isiachane na jua. Ya mwisho kufikia sasa iliongezwa mwishoni mwa 2016. London waliipata mwaka ukielekea kufungwa. Dar es Salaam na Nairobi iliwafikia mwaka mpya umeshaingia, saa tisa usiku ikikaribia. Mwaka 2022 mataifa yaliamua kuachana na utaratibu huo ifikapo 2035.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, hata kwa watu waliosoma, ni kuchukulia kwamba saa ya Greenwich ndiyo saa ya London mwaka mzima. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Uingereza husogeza saa zake mbele kwa saa moja. Mashabiki wa soka wanalijua hili hata kama hawajawahi kulitafutia jina. Mechi inayoanza saa tisa alasiri kwa saa za London tunaiona saa kumi na mbili jioni mwezi Januari, na saa kumi na moja jioni mwezi Agosti. Sisi hatukusogea, wao ndio waliosogea. Anayetafuta mji mkuu unaokwenda sambamba na UTC bila kuyumba mwaka mzima, aitazame Accra.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna jambo la ziada, na hapa ndipo vitabu vya kigeni haviwezi kutusaidia. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya UTC kwa saa tatu, yaani UTC+3. Lakini sisi huhesabu saa tangu macheo na machweo, hivyo usomaji wetu unapishana kwa saa sita na ule wa simu. Ongeza tatu, kisha punguza sita: umebaki na kutoa tatu. Kikao cha mtandaoni kikipangwa 16:00 UTC, toa tatu upate 13, ambayo ni saa moja, nayo ni saa moja jioni. 04:00 UTC ni saa moja asubuhi. Anayeongeza tatu akapata 19:00, halafu akamwambia mwenzake tukutane saa saba, amekwisha kuharibu kikao. Ndiyo maana hata kusema “UTC ongeza saa tatu” kunahitaji uangalifu, kwani sikio letu linaposikia “saa tatu” hukimbilia kifungua kinywa. Afadhali tuseme “tuko mbele kwa saa tatu”.

Tarehe nayo huhama. Mifumo mingi ya kompyuta huweka kumbukumbu zake kwa UTC, hivyo kilichofanyika saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe mosi kitaandikwa 22:30 ya siku ya mwisho ya mwezi uliopita. Mhasibu asiyelijua hili anaweza kuamini kuna fedha zimepotea.

Sasa jina. Baadhi ya programu zilizotafsiriwa huiita “mfumo wa kuratibu saa ulimwenguni”. Hilo ni jina la kazi ya maabara, halimfai anayeuliza ni saa ngapi. Wengine husema “wakati sanifu wa dunia”, na neno “sanifu” linaleta dhana kwamba saa yetu ya Afrika Mashariki si sanifu, jambo ambalo si kweli. Ninapendekeza Saa ya Dunia, kwa umoja. Kiswahili kimekwisha kuchagua wingi kwa saa za mahali: tunasema saa za Afrika Mashariki, saa za London. “Ya” itenge kipimo kimoja, “za” zibaki kwa maeneo. Alama ya UTC iendelee kuandikwa baada ya tarakimu, kama tunavyoandika kilo kwa kg.

Maeneo hayo, yaani kanda za saa, huchorwa na serikali zaidi kuliko jua. Kwa hesabu ya longitudo, ukanda mmoja ungekuwa nyuzi 15. Kigoma iko karibu na nyuzi 30 mashariki, hivyo kwa jua ni jirani wa Bujumbura, ilhali kwa saa inafuata Dar es Salaam iliyo karibu nyuzi 10 mashariki yake. Jua la Kigoma huchomoza kama dakika arobaini baada ya lile la Dar es Salaam. Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda unarudishiwa saa moja, na Kongo yenyewe ina kanda mbili, Kinshasa ikiwa nyuma ya Bukavu na Lubumbashi. Kenya nayo, enzi ya ukoloni, iliwahi kuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, kisha saa mbili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye tatu. Kwa hiyo anayetangaza kikao kitakachowakutanisha watu wa Kigali, Mombasa na Muscat aandike saa, ataje ni saa za wapi, na pembeni aweke Saa ya Dunia: saa nne asubuhi, saa za Afrika Mashariki (07:00 UTC).