Faiba katika Jiji la Arusha: upangaji wa kasi na ubora wa huduma

Kupanga kasi na ubora wa huduma katika mtandao wa faiba ni kuamua kila mteja apate uwezo kiasi gani, saa ngapi, na kwa uhakika gani. Arusha ina wateja wa namna yake: makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ukumbi wa mikutano wa AICC, na huko Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela. Wote hao hutuma data nyingi, hawapokei tu. Kikao kinachorushwa kwa video hukatika pale kasi ya kutuma inapopungua. Nayo teknolojia ya GPON, iliyoenea duniani, hupokea gigabiti 2.488 kwa sekunde na kutuma 1.244 tu, tena kwa wateja wote wanaochangia uzi mmoja. Wakiwa 32 na wote wakitumia kwa wakati mmoja, kila mmoja hubaki na megabiti kama 39 za kutuma. Wakiwa 64, hazifiki 20. Kwa hiyo kianzio sahihi cha mpango ni kiwango cha chini cha kutuma saa ya msongamano, wala si ile kasi ya juu inayobandikwa kwenye mabango.

Umbali nao una usemi wake. Vifaa vya GPON vya daraja la B+ huvumilia upotevu wa mwanga wa desibeli 28. Kigawanya mwanga cha njia 32 hula 17 hivi, na kilomita 13 za uzi hula karibu 5. Zinabaki 6 za viungio, viunganishi na uchakavu. Ukiweka cha njia 64, akiba inashuka hadi 3 hivi, na kila uzi unapokatwa na wachimba mitaro kisha ukaungwa, kiungio kipya kinamega tena. Mgao wa 64 unaweza kufaa katikati ya jiji, nyumba zilipobanana. Kwenye vijiji vya miteremko ya Meru, nyumba zilikotawanyika kati ya migomba na makorongo, ni ubahili utakaolipwa kwa matengenezo.

Wapo wanaosema kuwatengea wachache, kama ofisi hizo, uhakika wa kasi ya kutuma ni kuwanyang'anya wengi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama uwezo uliotengwa ungelala bure, lakini mitambo hugawa upya nafasi za kutuma kila milisekunde chache, hivyo mgao ambao ofisi haiutumii usiku unaweza kwenda majumbani. Wengine husema dawa ni teknolojia mpya zaidi ya XGS-PON, yenye takriban gigabiti 10 kwa sekunde kila upande. Inasaidia kweli, ila mwisho wa uwezo wake ni kituo cha kampuni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota nchini kote, na faiba nzima ya mtaani haikuweza kuziba pengo hilo. Ofisi inayonunua huduma Arusha idai mambo mawili yaandikwe kwenye mkataba: kiwango cha chini cha kutuma saa za kazi, na njia ya pili ya data kutoka nje ya nchi.