Tufani ya 1872 na Mikarafuu ya Visiwani

Atiaye karafuu katika pilau huko Buzuruga, Mwanza, mbali na bahari, aghalabu hajui msiba uliokipata kiungo hicho. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja. Merikebu za Seyyid Barghash zilivunjika bandarini, na sehemu kubwa ya mikarafuu ikang'olewa. Pemba ikanusurika.

Bei ya karafuu ikapanda, nao wenye mashamba wa Pemba wakaongeza miche, hata kisiwa hicho kikaipita Unguja kwa mavuno. Unguja nayo ilipanda upya. Lakini mkarafuu huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa. Ni nani aliyechimba mashimo na kupalilia miaka yote hiyo? Ni watumwa, wengi wao kutoka bara, hasa pande za Ziwa Nyasa. Soko lao la Unguja lilifungwa mwaka 1873, ila wengine waliendelea kuvushwa hadi Pemba kwa magendo, na sheria haikuwatambua kuwa huru hadi 1897.

Husemwa kwamba visiwa viliinuka baada ya tufani. Naam, viliinuka, na walioviinua ni watu wa bara, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.