Mke Aliyetoka Ziwani: Kisa cha Nyamgondho

Wajaluo na Wasuba wa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, husimulia habari za Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi fukara aliyekwenda kuvua samaki akanasa mwanamke. Alimwoa, na mifugo tele ikatoka ziwani kumfuata mkewe. Baadaye, akiwa amelewa, alimsimanga kwa asili yake. Mke akarudi majini, na mifugo yote ikaandamana naye. Huko Nyandiwa wenyeji huonyesha hata leo alama za kwato miambani.

Ni rahisi kukichukua kisa hiki kuwa onyo juu ya ulevi tu. Rai yetu ni nyingine. Kwa mujibu wa ada ya Wajaluo, ng'ombe hutoka kwa mume kwenda kwa wakwe. Humu wamekuja pamoja na bibi arusi. Nyamgondho hakutoa mahari, wala hapakuwa na wakwe wa kusuluhisha ugomvi ulipozuka. Kwa hiyo mali ile haikupata kuwa yake. Basi mwanahistoria asitafute humu tarehe ya tukio, bali sheria ya ndoa na mifugo iliyohifadhiwa vinywani mwa wasimulizi.