Habari za Kibiti na Mashahidi Wake

Nchi ya Rufiji, tangu Utete hata mto unapogawanyika kuingia baharini, haikukosa waandishi. Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwezi wa Agosti 1905, na Julai 1915 manowari Königsberg iliangamizwa na Waingereza katika mifereji ya delta. Mambo hayo mawili yana vitabu vyao. La tatu, ambalo wenyeji wa leo waliliona kwa macho yao, bado limo vinywani, na vinywa vyenyewe vimefumba.

Tangu 2015, na hasa 2016 na 2017, viongozi wa vijiji, wengi wao wa chama kinachotawala, waliuawa mmoja mmoja katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, aghalabu usiku na kwa risasi. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliviziwa ndani ya gari lao, wakauawa, silaha zao zikachukuliwa. Mwezi wa Mei Simon Sirro akashika ukuu wa Jeshi la Polisi. Msako ukaingia vijijini, pikipiki zikakatazwa kutembea usiku, na Agosti jeshi likatangaza kuwa watuhumiwa 13 wameuawa katika mapambano. Mauaji yakakoma.

Wako waliosema chanzo ni dini iliyopotoshwa; wengine walitaja ushuru wa mazao ya misitu; wengine ugomvi wa ardhi baina ya wakulima na wafugaji, walioongezeka huko baada ya kuondolewa Usangu mwaka 2006. Huwaonya wanafunzi wangu wasichague upesi.

Walakini mgawanyiko mkubwa haukuwa juu ya chanzo, bali juu ya msako. Aliyefiwa na mume kwa risasi za wauaji aliweza kuishukuru bunduki ya serikali, maana ilimrudishia usingizi. Ambaye mwanawe alichukuliwa asirudi hakuweza. Na hao wawili huteka maji kisima kimoja. Serikali iliwasifu askari kwa kurejesha amani. Wanasiasa wa upinzani walidai uchunguzi wa waliopotea, nao walizikusanya wilaya zile tatu katika jina moja, MKIRU. Historia inayohesabu wafu wa upande mmoja tu siiiti historia.

Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyekaa Kibiti na kuandika habari hizi, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017. Julai 2019 Palamagamba Kabudi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliiambia BBC kuwa mtu huyo alipotea na kufa. Kisha akasema maneno yake hayakueleweka vema. Gwanda hajaonekana. Shahidi gani wa Kibiti asiyeijua habari hiyo?

Mwanafunzi wangu mmoja alikwenda delta kukusanya masimulizi. Juu ya mpunga, mafuriko na mikoko alirudi na daftari mbili zilizojaa. Chini ya kichwa cha 2017 aliandika majina ya vijiji alivyopita, basi. Sikumwagiza arudi.