SHERIA ZA WANYAMAPORI NA MAZINGIRA: ZINASEMAJE, NA SISI WA TARIME TUDAI NINI?

Juzi hapa Itiryo mshkaji mmoja aliniuliza swali nikakosa jibu: "Hivi ng'ombe wangu akiingia hifadhini napigwa faini. Tembo wa hifadhi akiingia shambani kwangu, nani anapigwa faini?" Watu wakacheka, lakini swali lenyewe ni zito. Mimi sheria sijasomea, nimeishia sekondari, ila nimekaa nikazisoma hizo sheria moja moja. Hii ndiyo taarifa yake, muitunze mkitaka kuitumia kwenye mikutano ya kijiji.

Tuanze na kitu ambacho wengi hatukijui. Sheria ya kulinda wanyama nchi hii si ya juzi. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri iliyotaka mtu awe na kibali kabla ya kuwinda, akatenga na maeneo ya wanyama. Waingereza wakaja na sheria yao mwaka 1921. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa nayo, na mipaka inayogombaniwa mpaka leo huku kwetu inatajwa kwenye Tangazo la Serikali namba 235 la mwaka 1968. Baada ya uhuru tukatunga ya kwetu, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 1974, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na Sheria namba 5 ya mwaka 2009.

Sasa angalieni jambo moja. Tangu enzi za Mjerumani sheria hizi zimekuwa hodari sana kwenye kumlinda MNYAMA. Usimpige, usimtege, usikutwe na nyama yake. Lakini MAHALI anapoishi, anapopita, anapokunywa maji? Hapo ndipo pana kigugumizi. Ndani ya hifadhi hakuna shida, kilomita za mraba 14,763 zina askari na vigingi. Lakini nyumbu zaidi ya milioni moja hawajui kusoma vigingi, na tembo ndiyo kabisa. Sehemu ya maisha ya mnyama iko kwenye ardhi ya kijiji, na kijijini mwenye ardhi ni mimi na wewe.

USHOROBA NI NINI?

Njia ambayo wanyama wanapita kutoka eneo moja la hifadhi kwenda jingine inaitwa ushoroba, zikiwa nyingi ni shoroba. Sheria ya 2009 ilimpa waziri uwezo wa kuzitambua rasmi kwa kushauriana na serikali za mitaa. Kanuni za kufanya kazi hiyo zilikuja mwaka 2018, yaani miaka tisa baadaye! Miaka tisa mtu anajenga, analima, anauza viwanja, halafu siku moja anaambiwa alipo ni barabara ya tembo. Mwaka 2022 ilitoka tathmini iliyoorodhesha shoroba 61 nchi nzima. Kuorodhesha ni kitu kimoja, kuzilinda kisheria ni kitu kingine.

Najua wapo watakaosema, "Dogo unatuletea balaa, sheria ikija ardhi inaondoka." Hofu hiyo siyo ya kijinga. Juni 2022 kule Loliondo kilomita za mraba 1,500 ziliwekewa mipaka kuwa eneo la Pololeti, kukawa na vurugu, wananchi wakajeruhiwa na askari polisi mmoja akauawa. Serikali ikasonga mbele ikalifanya pori la akiba. Lakini Septemba 2023 Mahakama Kuu kule Arusha ikasema tangazo la kutenga eneo hilo ni batili kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Mnaona? Sheria iliyotumika kutenga eneo ndiyo hiyo hiyo iliyomwangusha aliyetenga bila kuuliza. Huku Tarime nako vijiji kama Kegonga, Karakatonga na Gibaso vina kesi yao ya muda mrefu ya vigingi na hifadhi, kwa hiyo tunaongea kitu tunachokijua.

Ndiyo maana mimi sisemi tuombe sheria yoyote ile ilimradi sheria. Nasema tudai sheria inayolinda makazi ya wanyama kwa kumfanya mwanakijiji apate kitu. Bila hivyo kila tembo anayeonekana kijijini ni adui tu, na msitu uliobaki ni mkaa unaosubiri gunia.

KIFUTA JASHO, KIFUTA MACHOZI

Hapa ndipo jibu la swali la mshkaji lilipo. Tanzania hakuna fidia ya mnyamapori. Kuna "kifuta jasho" kwa mazao na mifugo na "kifuta machozi" kwa mtu aliyeumia au kuuawa. Maneno mazuri, lakini yachunguzeni: aliyekulipa hakubali kwamba anadaiwa, anakupa pole tu. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa mtu aliyeuawa na laki tano kwa aliyepata kilema cha kudumu. Kwa mazao ilikuwa kuanzia 25,000 hadi 100,000 kwa ekari kutegemea shamba liko umbali gani na mpaka, mwisho ekari tano. Aliyekuwa ndani ya mita 500 kutoka mpakani alikuwa hapati hata senti! Yaani aliye karibu na tembo kuliko wote ndiye aliyeachwa. Viwango vimekuwa vikirekebishwa tangu hapo, kwa hiyo ukipata janga usinukuu za kwangu, ulizia jedwali linalotumika kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na utoe taarifa mapema kwa mtendaji kabla mvua haijafuta nyayo shambani.

Sasa vuka mpaka hapo uende Ntimaru upande wa Kenya. Mkurya yule yule, lugha ile ile. Sheria yao ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliandika FIDIA, tena ndani ya sheria yenyewe: shilingi milioni tano za Kenya kwa aliyeuawa, milioni tatu kwa kilema cha kudumu. Mnaobadilisha hela mpakani mnajua shilingi ya Kenya ni mara ngapi ya kwetu. Nisiwadanganye, kule nako malipo yanachelewa mno na madeni yamerundikana. Lakini anayechelewa kulipwa deni anaweza kudai. Anayechelewa kupewa pole atadai nini?

MTO MARA

Maliasili siyo wanyama peke yake. Mto Mara unatoka milima ya Mau Kenya, unakatiza Masai Mara, unaingia Serengeti, unapita kati ya Tarime na Serengeti wilaya, unamwaga Ziwa Victoria karibu na Musoma. Kiangazi kikikaza, nyumbu hawana mto mwingine wa uhakika upande ule. Sisi pia.

Sheria ya Mazingira namba 20 ya mwaka 2004 inasema shughuli za kudumu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sitini! Nenda mto wowote uhesabu hatua, mimi nimehesabu, bustani ya kwanza nimeikuta kabla sijafika kumi. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 nayo inataka maji yatengwe kwanza kwa ajili ya watu na mazingira ndipo wengine wafuate. Kwenye karatasi mto wetu umelindwa vizuri kuliko benki.

Mwaka 2009 maji yenye sumu yalivuja kutoka mgodi wa North Mara kuelekea mto Tigithe, ambao unaingia Mara. Mei 2019 NEMC waliupiga mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kushindwa kuzuia uvujaji kwenye bwawa la mabaki ya sumu. Miaka kumi imepita katikati hapo. Halafu Machi 2022 maji ya Mara yalibadilika yakawa meusi, samaki wakafa, na kamati ya serikali ikaja na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe. Mnakumbuka kelele zilizopigwa. Mimi sina maabara kwa hiyo sibishi, ila najiuliza: kama kweli ni ng'ombe wetu, ile sheria ya mita 60 ilikuwa wapi siku zote?

JE, SHERIA INAWEZA KUSHINDA?

Inaweza. Mwaka 2010 serikali ilikuwa na mpango wa barabara kuu ya kupita kaskazini mwa Serengeti, kutoka Mugumu kwenda Loliondo, karibu kilomita 53 ndani ya hifadhi. Shirika moja la kutetea wanyama lenye makao Nairobi, ANAW, likaenda Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha likiwa na mkataba wa jumuiya mkononi, kwa hoja kwamba nchi wanachama ziliahidi kutunza mazingira kwa pamoja. Tarehe 20 Juni 2014 mahakama ikazuia barabara ya lami kukatiza hifadhi. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2015. Wapo ndugu zetu wa Mugumu waliokasirika na nawaelewa, nani hataki lami? Ila lami inaweza kuzunguka. Nyumbu hawazunguki.

TUANZIE WAPI

Bungeni ni mbali, ila muswada ukishasomwa mara ya kwanza unaenda kwenye kamati, na kamati huita wadau kutoa maoni. Asasi na vikundi vya vijana vinaweza kupeleka maandishi. Wengi tunaosubiri mbunge atusemee hatujui hata hilo.

Karibu zaidi ni kijijini. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, ikapelekwa mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri ya wilaya ikaipitisha. Ikishapita ina nguvu. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi kuwa hifadhi bila mkutano wa kijiji kukubali. Zaidi ya hapo mkutano unapendekeza na waziri ndiye anaamua, na hiki ndicho kifungu ambacho mimi ningependa kibadilishwe cha kwanza.

Wenzetu wa wilaya ya Serengeti wamejaribu njia nyingine. Vijiji vitano, Robanda, Nata-Mbiso, Makundusi, Nyichoka na Parknyigoti, vilitoa sehemu ya ardhi yao wakaunda jumuiya ya Ikona, wawekezaji wa utalii wanalipa na vijiji vinapata mgawo. Malalamiko ya mgawo yapo, serikali inachukua chake kwanza. Lakini ardhi imebaki ya kijiji na tembo anapita.

Na wazee msiseme haya ni mambo ya Dodoma. Koo zetu zina wanyama wa heshima, wa chui wapo, wa pundamilia wapo, na hakuna askari aliyekuja kutufundisha kuwaheshimu. Iritongo ilikuwa inakaa kuamua mambo ya ukoo mzima kabla hatujaijua halmashauri. Iritongo ikiweza kupambana na wezi wa ng'ombe, inaweza kukaa siku moja kupima hatua 60 kutoka mtoni.

Sasa naomba wadau mnisaidie. Kama kijiji chenu kina sheria ndogo ya vyanzo vya maji au mapito ya wanyama, andika hapo chini inasemaje, ilipitishwa mwaka gani, na kama kuna mtu ameshawahi kutozwa faini kwa kuivunja. Kama haipo andika pia, na jina la kata. Nitazikusanya zote.